Mia ya Afridi tunaijua, ya kijana wa mtaani iko wapi?

Wewe na namba najua mko sawa. Nikikuamsha saa nane usiku nikuulize Haaland alifunga mabao mangapi ya ligi msimu wake wa kwanza pale Manchester City, utaniambia 36 kabla hujafungua macho. Unajua nani alipiga pasi ngapi, nani alikimbia kilomita ngapi, kipa gani hajafungwa mechi tatu. Sawa. Sasa nikuulize swali dogo la hapa nyumbani: kwenye klabu ya kriketi iliyo karibu na kwenu, ni nani amewahi kupata mikimbio mingi zaidi kwa msimu mmoja? Nani ametoa wiketi nyingi zaidi tangu klabu ianze?

Kimya. Na sikulaumu, maana hata ukitaka kujua leo, utaanzia wapi?

Nasikia wengine mkisema, "Aah, kriketi tena? Si huo ni mchezo wa wahindi na wazungu?" Tulia kidogo, bana. Huu mchezo umetuwekea jina la Nairobi kwenye vitabu vya dunia kuliko unavyofikiria, na umefanya hivyo kwenye viwanja vya klabu zetu za kawaida, pale unapopita na matatu kila siku ukichati.

Anza na Nairobi Gymkhana, upande wa Ngara. Tarehe 4 Oktoba 1996, Pakistan ilikuwa ikicheza na Sri Lanka. Kijana mmoja anaitwa Shahid Afridi akaingia kupiga kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa. Alikuwa na mechi moja tu kabla ya hiyo, dhidi ya Kenya siku mbili nyuma, na hakupata nafasi ya kupiga. Gongo aliloshika siku hiyo lilikuwa la Sachin Tendulkar, alilopewa na mwenzake Waqar Younis. Akafikisha mia kwa mipira 37. Ndani yake sita zilikuwa 11, yaani mara 11 mpira ulivuka mpaka bila kugusa nyasi. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufikisha mia haraka hivyo katika mechi za kimataifa za siku moja. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipofanya kwa mipira 36. Mwaka uliofuata AB de Villiers wa Afrika Kusini akaishusha hadi 31. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya 17, kila mtu duniani aliyetaja mia ya haraka zaidi alikuwa anataja Nairobi.

Sasa toka Ngara, panda gari la Thika Road, shuka Ruaraka. Uwanja wa Ruaraka Sports Club, 23 Oktoba 2024, Zimbabwe dhidi ya Gambia katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la T20. Zimbabwe walipata mikimbio 344 kwa ova 20, wakipoteza wiketi nne tu. Hakuna timu ya taifa ya wanaume iliyokuwa imewahi kufika hapo katika T20. Sikandar Raza peke yake alipata 133 kwa mipira 43 bila kutolewa, na mia yake aliifikisha kwa mipira 33. Sita za timu nzima zilikuwa 27. Gambia wakajibu na 54, wakashindwa kwa mikimbio 290. Maze, Ruaraka! Wewe ukipita hapo unawaza jam peke yake.

Sasa angalia vizuri hizo siku mbili. Waliovunja rekodi ni wageni. Walikuja, wakapiga, wakaenda zao, na kila mpira waliopiga umeandikwa mpaka leo. Hata yule mrushaji wa Gambia aliyechapwa mikimbio 93 katika ova zake nne, ameandikwa. Lakini wikendi iliyofuata, na iliyofuata tena, vijana wetu wanavaa nyeupe au rangi, wanacheza kutwa nzima kwenye viwanja vya aina hiyo hiyo, jua hilo hilo, halafu Jumatatu ukitafuta nani alifanya nini unapata picha mbili za WhatsApp na sentensi moja: "Vijana walijituma." Walijituma vipi? Nani alipata ngapi? Nani alikuwa anarusha mpira wakati mambo yalibadilika?

Hiyo ndiyo inaniuma. Uwanja ni mmoja, lakini mgeni anaondoka na rekodi na mwenyeji anaondoka na jasho.

Usidhani wenyeji hawajawahi kufanya makubwa hapo. Gymkhana hiyo hiyo, Oktoba 1997, Dipak Chudasama na Kennedy Otieno walifungua mchezo dhidi ya Bangladesh na wakajenga mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza kuanguka. Chudasama 122, Otieno 144. Kenya ikafikisha 347. Halafu tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Sri Lanka walikuja Gymkhana. Sisi tukapata 210, wao wakaishia 157. Collins Obuya alitoa wiketi tano kwa mikimbio 24. Kombe hilo tulifika nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyocheza mechi za Test imewahi kulifanya.

Kaa na hiyo namba ya Obuya kidogo: tano kwa 24. Mwaka huo huo alipata mkataba na Warwickshire kule Uingereza. Sasa jiulize, kule Birmingham waliamini nini? Walikuwa na video, sawa, lakini pia walikuwa na mstari mmoja kwenye karatasi ambao mtu yeyote wa kriketi duniani anausoma bila kutafsiriwa. Huo mstari ndio ulikuwa sivii yake. Uliandikwa kwa sababu mechi ilikuwa ya Kombe la Dunia na kulikuwa na watu wanaolipwa kuandika. Kama angetoa hizo tano katika mechi ya ligi ya Jumapili, wangesikia wapi?

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Rekodi haitokei tu yenyewe kama mvua. Kuna mtu anaamua ni mechi gani inahesabika. Ile mechi ya Zimbabwe na Gambia iko kwenye vitabu kwa sababu Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, liliamua kwamba kuanzia 1 Januari 2019 kila mechi ya T20 ya wanaume kati ya nchi wanachama ni ya kimataifa rasmi. Kwa wanawake ilianza Julai 2018. Kabla ya hapo, Gambia ingeweza kuchapwa namna ile ile na isingeingia popote. Na mambo hugeuka upande wa pili pia. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja baada ya kufanya vibaya katika mashindano ya kufuzu kule New Zealand. Tangu hapo, kijana wa Kenya anaweza kupiga mia tamu kwa ova 50 akiwa na jezi ya taifa na isiwe kwenye orodha aliyomo Otieno. Mpira ni ule ule, jasho ni lile lile, ila safu ya kuandikia imefutwa.

Hilo hatuliwezi, liko juu huko kwa wakubwa. Lakini la klabu tunaliweza, na hapo ndipo sioni kisingizio.

Kwa wale hawajawahi kuona daftari la alama la kriketi, ni kitu cha ajabu kidogo. Kila mpira una nafasi yake. Usipotoa mkimbio unawekwa nukta. Ukitoa mkimbio mmoja, namba moja, na kuendelea. Upande mmoja una wapigaji, upande mwingine una warushaji, na mwisho wa siku pande zote mbili lazima zikubaliane: mikimbio ya wapigaji ukijumlisha na ziada iwe sawa na jumla ya timu, na mikimbio waliyotoa warushaji ukijumlisha na ziada ambazo wao hawalaumiwi iwe hiyo hiyo. Isipokubaliana, kuna mpira mmoja mahali ulipotea na utautafuta mpaka uupate. Sheria ya 3 ya kriketi inataka waandishi wawili kwa sababu hiyo, mmoja amkague mwenzake. Si mmoja anayeandika huku akiuza soda.

Na maelezo madogo yana maana kubwa. Chukua mpigaji aliyeingia mara 12 msimu huu akapata mikimbio 300. Haraka haraka utasema wastani wake ni 25. Lakini kama mara mbili kati ya hizo mchezo uliisha akiwa bado ndani, ametolewa mara 10 tu, kwa hivyo wastani wake ni 30. Hiyo tofauti ya tano inaweza kumpandisha hadi timu ya kwanza au kumwacha benchi ya timu ya tatu. Na haiwezi kujulikana kama mtu hakuandika maneno mawili, "hakutolewa". Zamani hata duniani kote madaftari mengi hayakuhesabu mipira aliyokabili kila mpigaji, ndiyo maana mia nyingi za kale za haraka zinasimuliwa kwa dakika. Tunajua 37 ya Afridi kwa sababu kuna mtu alikaa pembeni ya uwanja wa Ngara akahesabu moja, mbili, tatu, wakati kila mtu mwingine alikuwa amesimama akipiga kelele.

Nina jamaa tulikua naye mtaa mmoja, mrushaji wa spini. Alichezea klabu moja ya ligi ya chini kwa misimu sita. Nimekaa pale pembeni mara nyingi kumtazama, na nakwambia huyu mtu alikuwa anatoa wasee kama mtu anayeng'oa sukuma. Siku moja akasikia kuna timu ya nje inatafuta spina wa kucheza miezi minne, nauli juu yao, kijidoo kidogo juu. Wakamwambia atume takwimu za misimu mitatu ya mwisho. Basi. Akaenda klabuni. Daftari la mwaka juzi lilikuwa limetupwa stoo ilipopakwa rangi. La mwaka wa kabla yake lilikuwepo, ila kurasa kadhaa za warushaji zilikuwa tupu, kwa sababu aliyekuwa anaandika aliitwa kuingia kupiga na hakuna aliyeshika kalamu. Jamaa akatuma barua pepe ya kusema ametoa "wiketi nyingi sana". Nafasi ilienda kwa kijana mwingine ambaye klabu yake huandika kwa programu ya simu. Siwezi kusema huyo kijana ni mbaya kuliko wetu. Siwezi kusema pia ni bora, na hakuna atakayeweza kusema, maana upande mmoja wa hesabu haupo.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogeuka hadithi ndefu. Kwa hivyo hii biashara ya karatasi naijua ndani nje. Mtaani unaweza kujua kazi kuliko mwenye digrii, kila mtu wa mtaa akakuheshimu, lakini mtu wa ofisini hajawahi kuja mtaani kwenu. Anauliza kilichoandikwa. Ndiyo maana nikiona kijana amepewa nafasi ya kujijengea ushahidi kila Jumapili, bure, halafu ushahidi huo unatupwa na makopo ya rangi, damu inachemka. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani wanaongelea duka.

Kuna watu watanipinga, na wana hoja. Watasema ukiwapa vijana namba, kila mtu ataanza kucheza kwa ajili ya namba yake. Mpigaji yuko 46, timu inataka mikimbio ya haraka, yeye anapapasa mpira ili afikishe 50 yake apige picha. Nimeyaona hayo, yanaudhi. Watasema pia alama za kifahari kama 50 na 100 ni vizingiti tu tulivyojiwekea wenyewe. Kweli. Mwaka 1996 kule Kandy, Sri Lanka walitupiga 398, jumla ambayo hakuna timu ilikuwa imewahi kuifikia katika mechi za siku moja. Steve Tikolo akajibu na 96. Kwenye mbao zile za heshima zinazoning'inia klabuni, zenye majina ya waliopata mia, 96 haina nafasi. Mtu anaweza kupata mia dhidi ya timu iliyochoka akachorwa kwa rangi ya dhahabu, na ile 96 ya Tikolo, mbele ya mlima wa mikimbio 398, ikabaki nje mlangoni.

Mwingine ataniletea Aasif Karim. Durban, Machi 2003, Kenya dhidi ya Australia waliokuwa mabingwa wa dunia. Karim, mzee wa timu, alirusha ova nane na mipira miwili, sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Wiketi tatu kwa mikimbio saba. Saba! Na bado tulishindwa. Kwa hivyo, atasema, namba zina faida gani?

Na wa mwisho, mjanja zaidi, atanirudisha kwa Afridi. Vitabu viliandika kwamba siku ile Ngara alikuwa na miaka 16, kijana mdogo zaidi kupata mia ya kimataifa ya siku moja. Mwaka 2019 Afridi mwenyewe akatoa kitabu akasema alizaliwa 1975. Piga hesabu. Mipira 37 imesimama, hakuna anayeibishia, maana ilihesabiwa mbele ya watu. Umri ndio umeyumba, maana huo uliletwa kutoka nyumbani.

Hizo hoja zote nazikubali, na bado sioni zinavyonipinga. Tunajua 96 ya Tikolo ni kubwa kwa sababu ile 398 nayo iliandikwa kando yake. Tunajua ajabu ya Karim kwa sababu ova zote za siku ile zipo, pamoja na za kushindwa. Na uchoyo wa yule wa 46 tutauonaje kama hatujui alitumia mipira mingapi kutoka 46 hadi 50? Anayechukia mia za kujionyesha anapaswa kudai daftari nene zaidi. Ubao wa heshima ni mwembamba sana, hapo tunakubaliana. Upanueni. Wekeni 40 iliyookoa mechi, wekeni ova mbili za mwisho zilizotoa mikimbio mitatu, wekeni mlinda wiketi aliyedaka watano siku moja. Wekeni timu ya tatu, wekeni wasichana na watoto wa chini ya miaka 15 kwa mwandiko ule ule wa timu ya kwanza. Na umri, tafadhali, ulingane na cheti cha kuzaliwa.

Gharama? Programu kama CricHeroes unaweza kuandikia mechi bure kwenye simu unayotumia sasa kusoma hapa. Lakini simu huzima chaji na bando huisha, kwa hivyo kitabu cha karatasi kiwepo pia, na kila ova kumi mtu apige picha ukurasa aitume kwa katibu. Waandishi wawili wapewe nauli na chakula cha mchana kama wachezaji. Hapa ndipo klabu nyingi ninazozijua hubana. Zinanunua mipira mipya, zinalipa mtu wa kukata nyasi, halafu kazi ya kuandika inaachiwa yule aliyeumia goti au kadogo ka mtu fulani kalikokuja kuangalia. Hiyo ni kazi, lipeni. Na wewe unayesema kriketi huiwezi kwa sababu hukuianza ukiwa mdogo, kuandika alama kunafundishika. Mwezi mmoja wa Jumapili ukikaa karibu na mtu anayejua, utakuwa umeshika mengi, na utauona mchezo kuliko walio ndani yake.

Kisha kuna yale ya zamani. Kuna familia za Ngara, Parklands na Pangani ambazo baba au babu alikuwa katibu wa klabu, na madaftari yakabaki chini ya kitanda au kwenye sanduku la chuma pamoja na stakabadhi za shamba. Wengine wamehama, wengine wako Leicester au Toronto, na sanduku likaachiwa shangazi. Kama kwenu kuna sanduku kama hilo, Jumamosi hii lifungue. Usipange, usisafishe, usikate kurasa zilizoliwa na mende. Piga picha kila ukurasa, na ule wa mwisho wenye hesabu za chai na soda nao usiuache, mara nyingi huwa na tarehe. Halafu peleka nakala kwa klabu yenyewe na mwombe katibu aliyepo sasa akuonyeshe ya mwaka huu yanawekwa wapi.